Majibu ya Mke si Majibu ya Mume: Utangulizi wa Elimu ya Maambukizi Kati ya Wenza

Kila muuguzi wa kliniki ya wajawazito amekutana na mume wa aina hii. Ameitwa aje apime VVU pamoja na mkewe, naye anajibu bila wasiwasi: mke wangu alishapima, hana kitu, mimi nipime cha nini? Tusimcheke. Ukimsikiliza vizuri utagundua ana nadharia nzima ya maambukizi kichwani mwake: kirusi kikishaingia ndani ya nyumba kinawapata wote wawili, na kisipoonekana kwa mmoja basi hakimo. Ni nadharia inayoeleweka haraka, na wengi wanaoicheka barazani huifuata chumbani. Kasoro yake ni moja tu: si kweli. Katika nchi zetu, miaka ile kabla dawa hazijaenea, ukichukua wanandoa ambao mmoja wao ana VVU, karibu nusu yao mwenzake alikuwa hana. Kitanda kimoja, watoto wa pamoja, na majibu tofauti.

Elimu ninayokukaribisha inaanzia kwenye nyumba hiyo ya majibu tofauti. Inauliza swali ambalo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: pale ambapo mmoja ana kirusi na mwenzake hana, ni nini hasa kinachokivusha, lini, na kwa nini usiku huu na si ule? Wanaoifanya ni madaktari, wanahesabu, watu wa maabara, wanasosholojia na wakunga. Wewe unayeingia leo huhitaji zaidi ya hesabu za kidato cha nne na moyo wa kuzungumza mambo ya chumbani bila kucheka wala kunong'ona. Hilo la pili ndilo linalowashinda wengi.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, mkoa ambao ulikuwa haujasahau vita vya Uganda. Watu wa huko waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka ng'ambo. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, wapo walioamini kwamba ni uchawi uliotumwa na Watanzania waliodhulumiwa katika biashara hiyohiyo. Wataalamu nao walikuwa na uchawi wao, yaani orodha za watu: madereva wa malori, wahudumu wa baa, wavuvi, wanajeshi. Orodha zilikuwa na ukweli fulani, maana VVU vilikuwa vingi zaidi katika makundi hayo, lakini hazikueleza kitu. Kujua kwamba mtu ni dereva hakukuambii kwa nini mke wake mmoja kapata na mwingine hakupata. Na yule aliyekuwa nje ya orodha, mama aliyeolewa kwa ndoa halali na ametulia kwake, orodha zilimdanganya kwamba yeye hahusiki.

Kilichobadilisha mambo ni kuacha kuhesabu mtu mmoja mmoja na kuanza kuhesabu wawili wawili. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ukiuelewa utafiti mmoja wa Rakai vizuri, umeelewa nusu ya fani.

Mwaka 1994 watafiti wa Uganda na Marekani walianza kupita vijijini Rakai, nyumba kwa nyumba, na kurudi kila baada ya miezi kumi. Walitaka kujua kama kuwatibu watu wote magonjwa ya zinaa kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Ndoa hazikuwa shabaha yao. Mhojaji anafika na dodoso. Mume anahojiwa peke yake, mke peke yake: una wenza wangapi, mnakutana mara ngapi kwa mwezi, umewahi kupata kidonda sehemu za siri, mlitumia kondomu? Kisha damu inatolewa na kuhifadhiwa. Angalia thamani ya kazi hiyo: kwa kila nyumba, mambo ya faragha yaleyale yanasimuliwa na watu wawili wasiosikilizana. Majibu ya mume na mke hayalingani kila mara, na mtafiti mzuri hujifunza kutokana na pale yanapopishana.

Watu 15,127 walikuwa ndani ya utafiti huo. Baadaye, walipozipekua kumbukumbu, watafiti walikuta wanandoa 415 ambao mwanzoni mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Katika 228 mwenye virusi alikuwa mume. Katika 187 alikuwa mke. Yeyote aliyezoea kusema kwamba ni mwanamume daima anayeleta ugonjwa nyumbani aziangalie tarakimu hizo mara mbili. Kwa muda usiozidi miezi 30, wenza 90 waliokuwa salama waliambukizwa. Kati ya kila watu mia waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, wapatao 12 walipata virusi, na tofauti kati ya mume kumwambukiza mke na mke kumwambukiza mume ilikuwa ndogo mno kuitilia maanani.

Sasa hesabu. Mwaka 2001 kundi hilohilo la watafiti lilitoa takwimu za wanandoa 174, wale ambao kila mmoja alisema hana mwingine nje. Walikuwa wakikutana karibu mara tisa kwa mwezi. Watafiti wakagawa maambukizi kwa idadi ya matendo, wakapata 0.0011 kwa kila tendo, yaani mara moja katika kila 900 hivi. Ni kama kutupa dadu yenye pande 900 ambapo upande mmoja tu ndio mbaya. Ukiitupa mara 107 kwa mwaka, wanandoa kama 11 kati ya mia wataangukia upande ule. Ukiendelea hivyo miaka kumi bila dawa wala kondomu, bado wanandoa 30 kati ya mia watakuwa na majibu tofauti, kwa bahati tupu, bila damu kali, bila dawa ya mitishamba, bila uaminifu wa ziada. Nyumba zile ambazo jirani walizishangaa, mke akidhoofika na mume akidunda, nyingi zilikuwa ni hesabu hii tu ikijifanyia kazi.

Lakini usiishike 900 kama ahadi. Dadu haikumbuki, upande mbaya unaweza kuja mara ya kwanza, na kuna walioambukizwa hivyo. Halafu, huo ni wastani, na wastani huficha mengi. Watafiti wa Rakai walipopima wingi wa virusi katika damu ya mwenza mwenye VVU, wastani uliyeyuka. Kwa wenye virusi 50,000 na zaidi katika mililita moja ya damu, wenza 23 kati ya mia waliambukizwa kwa mwaka. Kwa wale 51 waliokuwa na chini ya 1,500, hakuna hata mmoja aliyeambukiza. Kila wingi ulipoongezeka mara kumi, hatari iliongezeka karibu mara mbili na nusu. Jambo ambalo kwa vizazi lilizungumzwa kama tabia sasa lilikuwa limepata kipimo cha maabara.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana mwanafunzi asiyeambiwa hili atakuja kuambiwa na wengine. Makala ya Rakai ilipotoka katika jarida la tiba la New England mwaka 2000, mhariri wake, Marcia Angell, aliandika tahariri kali katika toleo lilelile. Watu wale walifuatiliwa kwa miezi wakiwa na virusi, hawakupewa dawa za kufubaza VVU, na wenza wao hawakuarifiwa na watafiti. Utetezi ulikuwepo: dawa hizo hazikuwepo vijijini Uganda wakati ule, ushauri nasaha, upimaji na kondomu vilitolewa bure, na utaratibu wa nchi ulikataza kumfunulia mtu majibu ya mwenzake bila ridhaa yake. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja, na nadhani pia kwamba utafiti ule usingeruhusiwa kufanyika Marekani kwa namna ileile. Kila unapoutumia ule mchoro maarufu wa wingi wa virusi, jua umechorwa na watu tisini walioambukizwa huku wakihesabiwa. Tafiti zilizofuata zilibadilisha masharti kwa sababu ya mjadala huo.

Matunda ya ugunduzi ule wa wingi wa virusi yalikuja mwaka 2011. Jozi 1,763 za wenza wa nchi tisa, Kenya ikiwemo, ziligawanywa mafungu mawili: mwenye VVU aanze dawa mara moja, au asubiri hadi kinga yake ishuke kiwango fulani kama miongozo ya wakati ule ilivyoelekeza. Walioanza mapema walipunguza kuwaambukiza wenza wao kwa asilimia 96. Baadaye utafiti wa Ulaya ukafuatilia wenza ambao mmoja anatumia dawa na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na ambao hawatumii kondomu. Matendo 58,000 yakahesabiwa. Hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. Ndipo ikawezekana kusema waziwazi kwamba asiyegundulika virusi haambukizi kwa njia ya ngono. Kauli hiyo ipo kwenye mabango ya kliniki siku hizi, na naona wengi wanaipita kama tangazo la sabuni. Ni mojawapo ya kauli zilizolipiwa gharama kubwa kuliko zote katika tiba.

Kuna jambo kwenye tafiti hizo ambalo wageni huliruka. Katika ule wa Ulaya watu 11 walipata VVU. Katika ule wa nchi tisa, matokeo ya kwanza yalikuwa na maambukizi mapya 39, lakini 28 tu ndiyo yaliyothibitika kutoka kwa mwenza aliyejulikana. Wanajuaje? VVU hujinakili kwa haraka na kwa makosa mengi, hivyo baada ya miaka michache virusi vya kila mtu vina alama zake za vinasaba. Ukilinganisha virusi vya mume na vya mke, unaona kama ni vya ukoo mmoja wa karibu au ni wageni kabisa. Kwenye wale 11 wa Ulaya, vyote vilikuwa wageni.

Mbinu hii ina nguvu na inatisha. Ilipotumika Rakai kwa jamii nzima, iligeuza dhana iliyodumu miaka mingi. Vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Victoria vina VVU vingi kuliko vijiji vya bara, na kila mtu alidhani ziwa ndilo linalomwaga virusi bara. Vinasaba vikaonyesha kwamba virusi vilivyotoka bara kwenda ziwani vilikuwa vingi kuliko vilivyotoka ziwani kwenda bara. Wavuvi walikuwa wamebebeshwa lawama isiyo yao. Upande wa kutisha unaujua mwenyewe: chombo hichohicho, kikifika kwa polisi au kwa mume mwenye hasira, kinaweza kutumika kutafuta nani alimpa nani. Wanaofanya kazi hii kwa uadilifu huondoa majina kabla sampuli hazijaingia kwenye uchambuzi, na hutoa matokeo ya makundi, si ya nyumba.

Muda nao una hesabu yake. Katika wiki za kwanza baada ya mtu kuambukizwa, kinga haijajipanga na virusi vinafurika. Takwimu za Rakai zilizochapishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba katika miezi miwili na nusu hivi ya mwanzo uwezekano wa kuambukiza ulikuwa 0.0082 kwa tendo, zaidi ya mara kumi ya ule wa miaka inayofuata. Na ni katika wiki hizohizo ambapo kipimo cha kawaida kinaweza kusema huna. Ndiyo maana mshauri anakwambia urudi baada ya muda, ushauri ambao wengi huuchukulia kama usumbufu wa kiofisi.

Pamoja na mafuriko hayo yote, kinachovuka ni kidogo ajabu. Wanamaabara walipochunguza virusi vya watu walioambukizwa karibuni, waligundua kwamba kwa watu watatu kati ya wanne hivi, maambukizi yote yalitokana na kirusi kimoja. Kimoja kati ya mamilioni. Vilivyobaki vilinaswa kwenye ute, viliuawa na asidi ya uke, vilikosa mlango kwenye ngozi. Uke una tabaka nyingi za seli zilizopangana. Ndani zaidi, mfereji wa mlango wa kizazi una tabaka moja tu, na kwa wasichana wadogo tabaka hilo laini huwa limejitokeza nje zaidi kuliko kwa mwanamke mtu mzima. Kwa mwanamume asiyetahiriwa, upande wa ndani wa govi ni mlaini na umejaa seli ambazo VVU vinazipenda. Majaribio matatu, Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionyesha kwamba tohara inampunguzia mwanamume hatari kwa asilimia 50 hadi 60. Redio zikatangaza. Halafu likaja swali la wawili: je, mwanamume mwenye VVU akitahiriwa, mkewe anakuwa salama zaidi? Jaribio la Rakai lililochapishwa mwaka 2009 halikuona kinga yoyote kwa wake, na waliorudi kitandani kabla kidonda hakijapona walitia wasiwasi zaidi. Kinachomlinda mmoja si lazima kimlinde mwenzake. Ukitoka humu na wazo hilo moja, safari haikuwa bure.

Vidonda ni sura yenye misukosuko kuliko zote, nami huipenda kwa sababu inawashusha wataalamu mabega. Mwaka 1995 jaribio la vijiji vya Mwanza lilitoa habari njema: katika jamii 12, nusu yake zahanati zilipewa mafunzo na dawa za kutibu magonjwa ya zinaa, na huko maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Miaka minne baadaye Rakai, kwa ule utafiti wa dawa kwa wote niliousimulia, ikasema: hakuna tofauti. Ziwa moja, majibu mawili. Wapo waliosema Rakai janga lilikuwa limekomaa na VVU vilikuwa vimeshatoka kwenye makundi yenye magonjwa mengi ya zinaa. Wapo waliosema Mwanza ilifaulu kwa sababu mtu alitibiwa siku anayoumwa, si siku timu ya utafiti inapopita. Nafikiri yote mawili yana uzito, la pili zaidi.

Macho yakageukia malengelenge ya sehemu za siri, yanayoletwa na kirusi cha hepesi aina ya pili. Hoja ilikuwa tamu. Hepesi ndiyo inayosababisha vidonda vingi vya sehemu za siri katika nchi zetu, mwenye hepesi hupata VVU kwa urahisi zaidi, na dawa yake, asaikilova, ni ya bei nafuu na salama. Basi mpe dawa, vidonda vikauke, VVU visipite. Wanawake wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni walishiriki jaribio moja. Jozi 3,408 za wenza wenye majibu tofauti, wa nchi saba za Afrika, zikashiriki lingine. Katika hilo la wenza vidonda vilipungua kwa asilimia 73. VVU je? Upande wa asaikilova waliambukizwa na wenza wao watu 41. Upande wa vidonge bandia, 43. Hakuna faida. Jaribio la wanawake nalo halikuona kinga.

Sababu zilikuja baadaye. Kwa mwenye VVU, dawa ilishusha wingi wa virusi, lakini kwa kiasi kidogo kisichotosha kubadilisha mambo. Kwa asiye na VVU, sababu ilikuwa chini ya ngozi: wataalamu walichukua vipande vidogo vya ngozi mahali palipokuwa na kidonda, wiki baada ya kupona, wakakuta chini yake kumejaa seli za kinga zilezile ambazo VVU huzitumia kama mlango. Juu pamefunga, ndani pako wazi, na asaikilova haiziondoi seli hizo. Jaribio lililoshindwa lilitufundisha mwili kuliko mengi yaliyofaulu, na ni aibu kwamba vitabu vingi vya kufundishia hulitaja kwa mstari mmoja.

Hadi hapa nimezungumza VVU zaidi, kwa kuwa ndivyo vilivyolipiwa utafiti. Lakini ukivichukua kama mfano wa virusi vyote vya ngono utapotea. VVU, kwa kipimo cha tendo moja, ni kirusi kivivu. HPV, virusi vya papiloma, havina haja ya damu wala shahawa. Vinaishi kwenye seli za juu za ngozi na utando, na vinahama kwa kugusana tu. Kondomu hupunguza, haizuii kabisa, kwa sababu haifuniki kila mahali panapogusana. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani wa maisha. Kwa walio wengi mwili huviondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua. Kwa wachache, aina chache, hasa ya 16 na ya 18, hubaki, na baada ya miaka mingi huleta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Harald zur Hausen, Mjerumani aliyeonyesha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Sasa fikiria mama aliyeambiwa kwamba kipimo cha mlango wa kizazi kimeonyesha HPV. Swali lake la kwanza ni nani kaniletea. Mshauri mzuri atamwambia kwamba swali hilo halina jibu: huenda vilikuja mwezi jana, huenda vilikuja miaka kumi na tano iliyopita kwa mchumba aliyemsahau, vikakaa kimya. Kwa VVU, vinasaba vinaweza kutuonyesha ukoo; kwa HPV, nani na lini havisomeki. Ndoa zimevunjika kwa kutokujua tofauti hii. Malengelenge yana sura hiyo pia: kirusi kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kinatoka juu ya ngozi siku ambazo hakuna kidonda chochote, na wengi wanaokiambukiza hawajui kwamba wanacho.

Faraja ya HPV ni chanjo. Tanzania iliianza kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Kisha wasichana 2,275 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 20 wakatupa habari ambayo dunia nzima iliisubiri: dozi moja tu, baada ya mwaka mmoja na nusu, ilizuia aina ya 16 na ya 18 kwa asilimia 97.5. Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na Tanzania ikahamia huko mwaka 2024. Kwa nchi inayonunua chanjo kwa mamilioni, kupunguza dozi ni sawa na kuongeza madarasa mazima ya wasichana. Homa ya ini aina ya B, ambayo pia hupita kwenye ngono, ina chanjo ya zamani zaidi, na watoto wetu huipata ndani ya ile sindano ya pamoja ya utotoni. Tatizo ni watu wazima waliozaliwa kabla haijaanza kutolewa, ambao ndio hawa wanaooana sasa.

Kama unadhani zama za orodha za watu zimepita, soma kilichotokea Kamituga. Ni mji wa machimbo ya dhahabu, Kivu Kusini, Kongo, ambako ukiuliza bei sokoni unauliza kwa Kiswahili. Mwishoni mwa 2023 ugonjwa wa virusi wa mpox ulianza kuonekana huko kwa vijana wa kiume na wa kike, vipele vikiwa sehemu za siri, wengi wao wachimbaji na wanawake wanaouza ngono. Kirusi kilikuwa tawi jipya ambalo lilikuwa likipita mtu kwa mtu bila kuhitaji mnyama wa porini. Kufikia katikati ya 2024 kilikuwa kimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Haraka sana watu wakasema: ni ugonjwa wa makahaba. Lakini mpox hupita kwa ngozi kugusa ngozi, na ngono ni kugusana kwingi zaidi tu. Kirusi kikishaingia nyumbani kinampata mtoto anayelala kitanda kimoja na mama yake. Burundi wagonjwa wengi walikuwa watoto. Waliobaki kwenye orodha ya watu walichelewa kuwaona.

Fani yenyewe inabadilika ukiwa mlangoni. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la Afrika Kusini na Uganda: wanawake vijana 2,134 walichomwa sindano ya kinga ya lenakapavia mara mbili kwa mwaka, na hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Vidonge vya kinga vilikuwepo tangu wanandoa wa Kenya na Uganda walipovithibitisha mwaka 2012, ila kidonge hukaa kwenye mkoba, hukutwa na mume, huulizwa. Sindano haikutwi. Mwanamke anaweza kulindwa bila mwenza wake kujua, kukubali wala kuvaa chochote. Wapo wenzangu wanaolalamika kwamba kinga ya siri inawanyima wenza nafasi ya kuzungumza. Mimi nimesoma madodoso ya kutosha kujua kwamba katika nyumba nyingi mazungumzo hayo hayakuwepo tangu mwanzo, na sioni kwa nini msichana ayasubiri. Hepesi na HPV ni habari nyingine. Sindano hiyo haivigusi, na kwa hivyo bado tunawahitaji wote wawili kwenye chumba cha mshauri, mume akiwemo.